Kuwa Mzuri Hakutoshi

Kiwandani, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshachekecha unga na umekaa na chai yako, maana kabla ya hapo hata ikiletwa na malaika huifungui. Mimi sijambo. Mwenzangu wa chumbani, yule dereva wa magari ya baridi, anakusalimu na anasema skonzi ulizotuma zilikuwa chache. Uongo wake. Alizimaliza kabla sijarudi kutoka kazini, mimi nikakuta makombo na maneno ya kuomba radhi. Baba ameniandikia kwamba paa la jikoni limezibwa, nimefurahi kusikia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kiwanda kinatafuta wasimamizi wa zamu, ajira ya kudumu. Unajua hali yangu hapa: mkataba wa miezi mitatu mitatu, kila ukiisha narudisha aproni na kofia, halafu kesho yake naitwa kuzichukua tena, kama mke anayeachwa na kurudiwa. Nikipata nafasi hii nitapumua. Wanataka barua ya sifa kwa Kiingereza kutoka kwa mtu aliyewahi kuniajiri, na mimi sijawahi kuajiriwa na mtu mwingine ila wewe. Tangu nimalize shule hadi naondoka nilikuwa mbele ya tanuri lako. Andika unavyonifahamu, ila nakuomba usiguse habari ya lile pipa la hamira.

Najua niliondoka nikisema nakwenda mwaka mmoja tu kujifunza mashine kubwa, kisha nirudi tuendeshe duka pamoja. Sijasahau. Lakini kwanza hili, Shangazi wangu.

Mwanao,
Chachu


Nyumbani, 19 Februari

Mwanangu Chachu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako kweli kaziba paa, ila kaziba upande usiovuja, na tunamshukuru kwa jitihada. Mama yako amepata miwani mipya, sasa anauona uchafu wangu wote na kunitangazia mtaa mzima. Mkono wangu wa kulia unanisumbua kidogo wakati wa kukanda, si neno. Nimemchukua binti wa fundi viatu anisaidie kufagia na kuosha trei. Haongei. Siku za mwanzo nilidhani ni bubu.

Watu wananiambia ningekupigia simu, barua ni mambo ya kale. Simu ya nini? Kwenye simu mtu anajibu kabla hajafikiri. Andika.

Barua yako ya sifa hii hapa. Nimemwomba jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, akipitie Kiingereza chake, akasema haina kosa. Nimeandika hivi: "He worked for me for nine years. He is a good baker and a good man." Yaani alifanya kazi kwangu miaka tisa, ni mwokaji mzuri na ni mtu mzuri. Pipa sikulitaja, ingawa ukuta bado una alama.

Unajua mimi si mtu wa kumwaga sifa. Marehemu mume wangu nilimwambia mkate wake ni mzuri mara moja tu katika ndoa yetu yote, akatoka nje kwenda kuwaambia majirani. Basi nenda nayo kifua mbele.

Tanuri linauliza unarudi lini. Mimi sikuulizi.

Shangazi yako


Kiwandani, 11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na mvua. Yule dereva wa chumbani amepata mchumba, kwa hiyo siku hizi anaoga. Mimi mzima wa mwili, ila roho imekaa vibaya, na aliyeikalisha vibaya ni wewe.

Shangazi, umenimaliza. Afisa wa watumishi ni mama mmoja tunamwita Bi Waoo, kwa sababu ukimwonyesha hata kijiko anasema "wow". Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisogezea boksi la tishu. Akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Huyu mama ulimkosea nini?" Nikamwambia ni shangazi yangu, tunapendana. Akaigeuza barua yako nione, akaweka kucha chini ya neno, akasema, "Sasa mbona ameandika 'good'?"

Ndipo akanifundisha. Kumbe Kiingereza cha hapa kina ngazi, kama ile ya kupandia darini. Chini kabisa, pale penye vumbi na kandambili, ndipo linapokaa "good". Ukimwita mfanyakazi "good", maana yake hajaiba, au ameiba na ushahidi haupo. Juu yake kuna "very good", hilo ni la watu wanaokaribia kufukuzwa. Kisha "really good", kisha "extremely good", na hapo bado uko na watu wa kawaida. Ukifika juu zaidi, "good" lenyewe linatupwa unachukua "amazing", na "amazing" nayo siku hizi haitembei peke yake, lazima isindikizwe, "absolutely amazing". Barua za wenzangu zote zimefika huko. Kuna mmoja anasahau kutia chumvi kila wiki, na mwajiri wake wa zamani ameandika kwamba ni "the most incredible human being" aliyepata kukutana naye, yaani hakuna binadamu wa ajabu kumpita. Ina maana mwajiri huyo hata mama yake mzazi kamweka nyuma ya msahau chumvi.

Na si barua tu. Kila asubuhi tunasimama duara, kila mmoja aseme yu hali gani. Wiki yangu ya kwanza nilisema "fine", nikapelekwa kwa mshauri nasaha. Sasa nasema niko "super excited" hata jino likiniuma, na wananiacha nifanye kazi yangu.

Nakuomba uandike upya. Panda japo ngazi nne tu. Kikao cha uteuzi ni mwisho wa Aprili na nikikosa hapa narudi kwenye ile ya kurudisha aproni.

Mwanao,
Chachu


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameikalia miwani, nyumba imetulia. Binti wa fundi viatu ameongea. Alikuwa anapita na ufagio, akasimama karibu na beseni, akasema, "Unga huu umelowa." Nikagusa, nikakuta kweli gunia limepata unyevu. Nikamwambia aendelee kufagia, lakini nililiweka moyoni. Mkono ni vilevile, kidogo tu.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikairudia nikakasirika. Mimi nimesema neno la kweli, halafu mtu mzima anakusogezea tishu?

Nisikilize vizuri. Usidhani sisi hatuna maneno ya kukoleza. Tunayo, tena matamu. Shati ni jeupe pee. Usiku ni mweusi tititi. Mtu kalala fofofo, mwingine kalewa chakari, mwingine kanyeshewa kalowa chepechepe. Lakini tazama adabu ya maneno hayo. Pee ni ya weupe, hujapata kuiona imelala na usingizi. Fofofo ukimtoa kitandani hana pa kwenda. Kila neno lina kwao na halilali nje. Sasa hilo "absolutely" lenu ni mgeni wa namna gani? Leo kwa mkate, kesho kwa soksi, kesho kutwa msibani, na kila anakoingia anajipakulia mwenyewe. Sina ugomvi na Kiingereza. Mwalimu mstaafu ananiambia zamani hata hilo "very" lilikuwa na maana ya kweli, mtu akilisema ni kama ameapa. Watu wakaapa hata kwa vijiko, likachoka, wakatafuta jingine la kuchosha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naona kiwanda chenu kimejaa watembezi.

Na nikikuita wewe wa ajabu kupita binadamu wote, huyo atakayekuja kesho nimwiteje? Nimeoka mkate tangu sijaota ndevu za uzee hizi ninazozing'oa, na wamepita wasaidizi wengi hapa, unawajua. Mwokaji mzuri nimemwita mtu mmoja kabla yako, naye ni marehemu mume wangu. Wewe ni wa pili. Kama Bi Waoo hajui hiyo ni kubwa kiasi gani, mpe pole.

Sipandi ngazi. Magoti hayaniruhusu.

Shangazi yako


Kiwandani, 14 Aprili

Shangazi wangu mpendwa mno,

Shikamoo sana. Nimefurahi kupita kiasi kupata barua yako, na nimefurahi zaidi ya hapo kusikia Mama hana miwani. Dereva amechumbia rasmi, sasa anapika wali unaoliwa.

Nilipofika pale uliposema mimi ni wa pili, nilikwenda chooni nikalia. Miaka tisa hukuwahi kuniambia. Ulikuwa unaubonyeza mkate wangu kwa kidole, unaguna, unapita. Nilikuwa nakwenda kulala na mguno wako nikijiuliza. Ungeniambia hata mara moja ningeshukuru. Lakini Shangazi, kilio cha chooni hakisomwi kwenye kikao. Bi Waoo anataka maneno.

Halafu nimegundua jambo. Watu wa hapa wakifurahi wanapanda, wakiharibikiwa wanashuka. Juzi tanuri namba mbili lilipasuka, moto ukatoka hadi mlangoni, tukakimbia na aproni zetu. Msimamizi akaandika kwenye ripoti kwamba tulipata "a bit of an issue", yaani kajambo fulani kadogo. Jioni hiyohiyo keki ya siku ya kuzaliwa ya Bi Waoo ikachelewa, akasema yuko "devastated", yaani amebomoka kama jengo. Fundi mmoja aliungua mkono wote. Alipoulizwa, akasema kwa sauti ya chini, "not too bad", si mbaya sana, na wote wakakimbilia kuita gari la wagonjwa. Siku hizi nimeshawasoma. Wakipiga kelele naendelea na kazi, wakinong'ona natafuta mlango.

Basi nimekurahisishia. Nimeiandika barua mwenyewe, wewe utie sahihi tu na kuirudisha. Inasema mimi ni "the most absolutely phenomenal baker of his generation", kizazi kizima hakina mwokaji kama mimi, na kwamba ni "literally impossible" kuuwazia mkate bila mimi. Najua imezidi. Hapa huo ndio wastani. Fanya haraka, tafadhali, kikao kimekaribia.

Mwanao mtiifu kabisa,
Chachu


Kiwandani, 30 Mei

Shangazi mpendwa mno mno,

Shikamoo! Tangu Aprili kimya, nikajua umebanwa na kazi. Natumaini wote ni wazima ajabu.

NIMEPATA! Mimi sasa ni msimamizi wa zamu wa kudumu, nina beji yenye picha, na kabati langu lina kufuli. Ile barua ya sifa ilipatikana, kikao kikapita salama. Bi Waoo aliisoma mbele ya wote machozi yakimtoka, akasema hajawahi kuguswa namna ile tangu azaliwe. Siku mbili baadaye aliguswa zaidi na kalenda mpya, lakini si kitu.

Nimefurahi mno kabisa, ile furaha ya kupitiliza yenyewe. Likizo ya mwaka huu sitaweza kuja, msimamizi mpya haombi ruhusa mapema. Tanuri lisubiri kidogo.

Mwanao mwenye furaha isiyosemeka,
Chachu


Nyumbani, 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hongera. Nimesema moja, na ni nzima. Baba yako alipopata habari alivaa suti kwenda dukani kununua betri, na alipita njia ndefu ili aulizwe. Mama yako amelia kwa furaha na kuniambia nilie, nikamwambia niko na mikate ndani.

Unasema barua ilipatikana. Ilipatikana wapi? Ile uliyonitumia niitie sahihi ninayo hapa, nimeifungia chumvi. Nauliza tu.

Mkono nilikwenda kuuonyesha. Daktari ameufunga bandeji ngumu hadi kwenye kiwiko na amesema nisikande kwa sasa. Ni kidogo, usihangaike. Binti wa fundi viatu ndiye anakanda, mimi nakaa kwenye kigoda na kuelekeza kwa mkono wa kushoto. Jumatatu alikataa kutia mikate ndani nilipomwambia atie. Akasema bado. Tukakaa tunatazamana kama majogoo wawili. Akasubiri, akatia, ikatoka. Tangu hapo simwambii lini.

Wateja wanauliza kama duka litaendelea. Nawajibu kwa kuwafungia mkate.

Shangazi yako


Kiwandani, 20 Agosti

Shangazi mpendwa usiye na mfano,

Shikamoo yenye upendo usiopimika! Samahani mno, tena mno ya kweli, kwa kuchelewa kujibu, kazi ni nyingi hadi nakufa, nakufa kihalisia. Dereva ameoa na kuhama, nina chumba peke yangu. Pole na mkono. Nimefurahi kusikia ni kidogo tu.

Habari kubwa, nimewekwa kwenye kamati ya uteuzi! Tena nimebuni kitu. Barua za sifa zilikuwa zinatuchosha kusoma, kila mtu ni wa ajabu, huwezi kujua nani wa ajabu zaidi. Nikatengeneza kipimo. Kila neno nimelipa alama zake. "Amazing" ina chache, "outstanding" ina zaidi, "phenomenal" zaidi tena, na ukiweka "truly" au "absolutely" mbele yake unapata nyongeza. Tunajumlisha, tunapanga, kazi imekwisha kabla ya chai. Barua isiyofika alama ya chini haisomwi kabisa. Bi Waoo aliniita "genius" mbele ya mkurugenzi. Mkurugenzi akasema "interesting", na tangu siku hiyo sijalala vizuri, maana "interesting" kwa watu hawa hujui kama umesifiwa au umefukuzwa.

Kuhusu ile barua, mambo ya zamani tuyaache yalale. Kuna kitengo kipya kinaanza, cha mikate ya kukandwa kwa mkono, ya hoteli. Tunatafuta vijana. Ukimjua yeyote aliye wa kiwango cha juu kabisa kabisa, niandikie.

Mwanao akupendaye kupindukia,
Chachu


Nyumbani, 6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ameziba upande mwingine wa paa, sasa kunavuja katikati. Mama yako anasema barua zako za siku hizi ni kama kadi za harusi. Mimi nimemwambia ni kazi nyingi.

Sikuulizi tena habari ya ile barua.

Daktari ameufungua mkono, vidole viwili havikunjiki. Amesema kukanda basi. Nimepanga kufunga duka mwisho wa mwaka, kwa sababu tanuri halina mtu. Ninaposema halina mtu, unaelewa. Ukiwa na la kusema juu ya hilo, sema sasa.

Kama huna, basi nisaidie kwa huyu binti. Nikifunga atarudi kwa baba yake kugonga visigino, na mikono ile si ya visigino. Nimemwandikia barua ya sifa kwa ajili ya hicho kitengo chenu cha mkono. Mwalimu mstaafu ameipitia. Imesema, "She is a good baker." Sikuongeza kitu. Yeye ni wa tatu, Chachu. Mtu mwingine nisingempelekea barua kama hiyo, ningejua haitasomwa. Nimeituma kwa sababu atakayeifungua ni wewe, na wewe unanijua.

Shangazi yako


Kiwandani, 25 Septemba

Shangazi mpendwa kuliko maelezo,

Shikamoo. Natumaini wewe, Baba na Mama mko katika afya bora kabisa.

Tumepokea barua yako kuhusu mwombaji kwa furaha isiyo na mipaka. Niliifungua mwenyewe. Nilijua ulichosema, Shangazi, usidhani sikujua. Lakini tulikuwa wanne mezani, Bi Waoo ameshika kalamu, na kipimo ni changu mwenyewe. "Good" haina alama. Nikimpitisha mtu wa alama sifuri, watasema ni undugu, na mkurugenzi ataniita "interesting" tena. Ikabidi iwekwe pembeni pamoja na zile zisizosomwa.

Usivunjike moyo! Bado kuna nafasi. Andika upya, na safari hii weka angalau "exceptional", na ikiwezekana "truly" mbele yake. Nimeambatisha mfano wa barua nzuri ili uone wenzako wanavyofanya. Huyo binti hapungukiwi kitu ukimwongezea neno, na mimi nitakuwa na cha kuonyesha kikaoni. Ni karatasi tu.

Kuhusu duka kufungwa, nimesikitika vibaya sana, yaani nimebomoka. Lakini pengine ni heri, utapumzika, unastahili kabisa. Mimi mwaka ujao nikipata nafasi nitakuja kukuona.

Mwanao wa daima na milele,
Chachu


Nyumbani, 18 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima. Mama yako mzima. Mimi mkono umekufa. Niliandika ni kidogo, nikaandika tena ni kidogo, nikidhani mtu wangu ananisoma. Siandiki hivyo tena.

Mfano wa barua nzuri nimeupokea. Nilimsomea binti majibu yako, maana ni haki yake kujua. Alikuwa anakatakata madonge. Akauliza, "Kwani yeye si ndiye uliyemwita wa pili?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi pole, Mama," akaendelea kukata. Sijui pole ile ilikuwa ya nani kati yetu wawili, lakini niliingia stoo nikakaa juu ya gunia na nikalia. Mimi, kulia, kwa sababu ya kiwanda.

Nimeondoa jina lake kwenye maombi yenu. Duka halifungwi. Jana nimempa funguo zote, ya mlango wa mbele, ya stoo na ya tanuri. Zilikuwa zako. Nilikuwa nazitunza, naandika tanuri linauliza, tanuri linauliza, kumbe tanuri gani, ni mimi niliyekuwa nauliza. Ningesema wazi, "Rudi, nakuhitaji," labda ungesikia, labda ungeniambia niongeze maneno. Hatutajua. Sasa nafasi ina mtu.

Mikate ya leo asubuhi imetoka. Nimebonyeza mmoja kwa kidole kinachokunjika. Nikamwambia, "Mzuri." Akasema asante, akaniomba nisogeze kigoda apitishe trei.

Shangazi yako


Kiwandani, 2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Nimeumia.

Nimekaa na karatasi hii siku kadhaa nikitafuta neno la kuweka mbele au nyuma ya hilo. Nimepita kipimo changu chote, chini hadi juu. Kila ninaloliweka linaligeuza kuwa uongo, nalifuta. Kwa hiyo ni hilohilo.

Jana kwenye duara niliulizwa nikoje, nikasema "sad". Bi Waoo akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akaniuliza, "Just sad?" yaani huzuni tu, basi? Nikamwambia basi. Watu walitazamana, mmoja akanipa mkono, tukaenda kazini.

Uliloniuliza mwezi wa Juni, barua ilipatikana wapi, jibu lake unalijua. Nimeomba likizo na nimepewa, na naweza kufika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Sitaki funguo. Nataka kukuona, na kuuona mkono. Niruhusu nije.

Chachu


Nyumbani, 9 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Neno limefika. Usiongeze kitu.

Njoo. Baba yako ameanza kupiga pasi suti. Uje na aproni yako, hapa hakuna ya kuazima, na uwahi, kwa sababu mwenye duka hapendi watu wanaochelewa. Nimemwambia unakuja. Akauliza unakuja kama nani, nikamwambia ni mtoto wa kaka yangu, ni mwokaji.

Akaniuliza, "Mzuri?"

Nikamwambia, "Anakuja Jumamosi. Utamwona mwenyewe."

Shangazi yako